Chaja ihame chumbani: mwongozo kamili wa kurudisha sala na Neno kwenye siku yako

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia chini ya mto. Unanyoosha mkono kuizima, na kabla hujaketi umeshaona kuwa kundi la ukoo lina ujumbe 47, shemeji anaomba hela ya ada, na mtu mwingine ameweka picha za harusi ya jana. Adhana ya msikiti wa jirani imekwisha, majogoo wa uani wamewika, mpangaji wa chumba cha pili ameshaingia bafuni. Ulipanga kusali kabla ya kuoga. Sasa umebakiwa na muda wa kuoga tu, maana ukichelewa dakika kumi Kimara utachelewa saa nzima Posta.

Niliishi hivyo kwa miaka. Jumapili nilikuwa kanisani, jumuiya sikukosa, sadaka nilitoa. Kilichokauka ni sala yangu mwenyewe, ile ya mtu na Mungu wake bila kipaza sauti na bila kwaya. Nilipokaa kutafuta ilikopotelea, niliona kwamba simu haikuchukua katikati ya siku yangu. Katikati ni ya mwajiri, foleni na watoto, na imekuwa hivyo tangu nilipoanza kazi. Simu ilichukua kingo: dakika za kwanza baada ya kuamka, kusubiri kituoni, kungoja wali uive, na dakika za mwisho kabla ya usingizi. Na sala ya mtu wa kawaida, asiye mtawa wala mchungaji, tangu zamani imekaa kwenye kingo hizo. Mama yangu alisali akipuliza moto. Mimi moto wangu ni wa gesi, unawaka mara moja, na zile dakika za kupuliza nilizipeleka kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo kazi tuliyo nayo ni kurudisha kingo, moja baada ya nyingine. Simu yenyewe hatuitupi. Kwa simu hiyo tunatuma hela kijijini, tunanunua umeme, tunapata kazi. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa Dar anayepanga chumba na sebule, anayepanda daladala au mwendokasi, asiye na chumba cha maombi wala saa nzima ya ukimya. Unahitaji wiki sita hivi kuupitia wote. Usiruke hatua.

Kabla ya yote: pima siku tatu

Usibadilishe chochote kwa siku tatu. Karibu kila simu janja ina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia muda gani kwenye kila programu na umeifungua simu mara ngapi. Itafute, andika tarakimu hizo kwenye daftari. Yangu ilionyesha saa 4 na dakika 10 kwa siku, na nilikuwa nimemwambia mchungaji kwa moyo mweupe kabisa kwamba sina muda wa kusoma Biblia. Andika pia ni saa ngapi hasa unaishika simu bila sababu. Hapo ndipo utakapoona kingo zako, maana za kila mtu ni tofauti. Muuza duka wa Kariakoo ana kingo za kungoja wateja. Mama mwenye mtoto mchanga ana kingo za usiku wa manane.

Hatua ya kwanza: weka mpangaji kabla ya kuondoa mpangaji

Kwaresima moja niliamua kuacha yote kwa pigo moja. Nilifuta Instagram, TikTok, na makundi yote isipokuwa ya kazini. Siku tisa nilikaa. Siku ya kumi, jioni, umeme umekatika na joto limenishika, nilizirudisha zote, na wiki iliyofuata nikaperuzi kuliko zamani.

Kosa langu limeelezwa katika Mathayo 12. Yesu anamzungumzia pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka, kisha akarudi akaikuta nyumba ni tupu, imefagiwa na kupambwa. Akaenda kuchukua wenzake saba. Nyumba ilikuwa safi. Shida yake ni kwamba hakuna aliyehamia. Kila mtu wa Dar anajua chumba kitupu hakikai wiki bila dalali kuleta mtu, na dakika tupu ni hivyo hivyo.

Basi wiki ya kwanza usifute chochote. Chagua kitu kimoja cha kuweka, kidogo kiasi kwamba hata siku ya homa utakiweza. Napendekeza Baba Yetu mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Maandishi ya Wakristo wa vizazi vya mwanzo yanaagiza hivyo hivyo, na Danieli kabla yao alipiga magoti mara tatu kwa siku madirisha yake yakielekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Sema polepole, kwa sauti unayoisikia mwenyewe. Inachukua chini ya dakika moja. Wiki nzima fanya hilo tu. Wenye bidii watataka kuongeza mkesha, kufunga na sura kumi za Biblia. Nawasihi wasiongeze. Nimeona bidii ya namna hiyo ikifa kabla ya mwezi kuandama.

Hatua ya pili: chaja ihame

Kama kuna hatua moja ambayo ukiifanya na kuacha nyingine zote bado utaona tofauti, ni hii. Simu isilale chumba unacholala wewe.

Kizuizi cha kwanza ni kengele ya kuamka. Nunua saa ya mezani yenye kengele. Kariakoo zimejaa, hata wamachinga wanazitembeza, na za bei ndogo zinatosha mradi zilie kwa nguvu. Ijaribu pale pale kabla hujalipa, na ununue betri ya akiba. Weka saa hiyo mbali na kitanda, ili usimame kwenda kuizima. Ukishasimama umeshashinda nusu ya vita vya alfajiri.

Kizuizi cha pili ni hofu: je, nyumbani wakipiga usiku kuna msiba? Hofu hii ni ya kweli na usiidharau. Una njia mbili. Ya kwanza ni simu ya kitochi. Weka laini ambayo wazazi na watu wa karibu wanaijua, ilale karibu nawe. Haina cha kuperuzi na chaji yake inakaa siku kadhaa. Ya pili, kama huna kitochi, simu janja ikae sebuleni kwenye hali ya kutosumbua, ukiiruhusu iwapitishe watu uliowachagua na mtu anayepiga mara mbili mfululizo. Mwite mama mwambie: "Mama, usiku ukinihitaji, piga mara mbili." Atakuelewa.

Kizuizi cha tatu ni chumba kimoja. Wengi wetu sebule hatuna, kitanda na jiko vinatazamana. Hapo tumia kikapu. Mimi nina kikapu cha ukili chenye mfuniko, nilikinunua cha kuwekea vitunguu, sasa kinalaza simu mbili, yangu na ya mume wangu, juu ya kabati upande wa mlango. Mkono usiifikie ukiwa umelala, na kioo kisionekane. Ukiwa na mwenzi, zungumzeni kwanza. Simu ya mmoja ikibaki kitandani inawaita wote wawili.

Saa ya kulala simu iwe moja kila siku. Kwetu ni saa tatu usiku. Na hapa niseme jambo la bando. Wengi tunakesha kwa sababu bando la siku linakaribia kuisha muda na tunaona uchungu likitupotea, au tumenunua la usiku kwa kuwa ni rahisi. Acha lipotee. Kesho nunua dogo zaidi. Hela uliyoipoteza ni ndogo kuliko alfajiri utakayoikosa.

Hatua ya tatu: dakika ishirini za alfajiri

Marko anasema Yesu "alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko" (1:35). Ukisoma mistari iliyotangulia utaona jana yake jioni mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Alikuwa amechoka kama wewe, na watu walikuwa wanamtafuta kama wanavyokutafuta wewe. Simoni alipomfikia alimwambia, "Watu wote wanakutafuta." Ukiichukua simu kabla ya sala, unakuwa umempisha Simoni kabla hujafika mahali pa faragha.

Tafuta mahali pako. Huku kwetu joto ni jingi na nyumba zina watu, kwa hiyo usitafute ukamilifu. Ngazi za nyuma kabla jua halijatoka ni pazuri. Kiti cha plastiki uani ni pazuri. Akina mama wengi wanasali wamejifunika kanga kichwani chumbani humo humo watoto wamelala, na husimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama wa wahubiri John na Charles, alijifunika aproni kichwani jikoni, na watoto wake walijua akiwa hivyo hasumbuliwi. Cha muhimu ni mahali pawe pale pale kila siku. Baada ya wiki tatu mwili wenyewe utapatambua.

Andaa usiku: Biblia ya karatasi imefunguliwa kwenye fungu la kesho, daftari dogo, kalamu. Ya karatasi, nasisitiza. Biblia ya kwenye simu ni baraka kwa mtu asiyeona vizuri, kwa asiyejua kusoma anayesikiliza, kwa mama anayenyonyesha gizani. Kwa sisi wengine ni mlango ulio kwenye korido moja na milango mingine hamsini. Kama huna kabisa nyingine, pakua maandiko yasiyohitaji intaneti, weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kulala, na asubuhi usiitoe humo mpaka useme amina.

Sasa dakika zenyewe. Mbili za kwanza, kaa. Usiseme kitu. Pumua, sikia mji unaamka. Kisha sema maneno ya mtoto Samweli: "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia."

Dakika nane zinazofuata ni za Neno. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 na matukio yake yanakwenda mbio, hayamchoshi anayeanza. Usisome sura nzima kama haiingii. Watawa wa Mtakatifu Benedikto, hawa hawa waliotujengea Peramiho na Ndanda, wamerithi namna ya kusoma ya kale sana: soma fungu fupi polepole, lirudie, kaa na neno moja lililokugusa, lijibu kwa sala, kisha nyamaza. Mimi ni Mlutheri na naifuata bila wasiwasi. Tofauti yake na kuperuzi utaiona mwenyewe. Kidole kimezoea kusukuma juu kutafuta kingine. Hapa unarudi pale pale, mara ya tatu, ya nne, mpaka sentensi ifunguke.

Mawazo yatakuja. Ada ya mtoto, ujumbe wa bosi, sukari imekwisha. Usipigane nayo. Andika neno moja kwenye daftari, "sukari", na urudi kwenye fungu. Ukishaliandika akili inaliachia. Kazi ya daftari ni hiyo, na ndiyo sababu simu haiwezi kuchukua nafasi yake: ukiishika kuandika "sukari" hutarudi.

Dakika saba ni za kuomba kwa majina. Gawanya watu wako kwa siku: Jumatatu wazazi, Jumanne watoto na shule zao, Jumatano wagonjwa, na kuendelea. Taja jina, taja shida, songa mbele. Tatu za mwisho ni za Baba Yetu na kimya.

Ishirini zikikushinda, fanya tano. Luther alipowapangia watu wa nyumbani asubuhi yao mwaka 1529, alitaka ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, na sala moja fupi kama mtu akipenda, kisha waende kazini kwa furaha. Tano zinatosha kwa hayo.

Hatua ya nne: njia ya kwenda kazini

Hapa ndipo sisi wa Dar tunapowazidi utajiri watu wa miji mingine. Tuna saa nyingi za njiani, na tumezilalamikia kwa miaka mingi. Mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni unapita njia ya kilomita 15 na ushee, na siku ya msongamano unasimama mwendo wote mkono mmoja juu. Mkono huo mwingine ndio tunaoutafutia kazi.

Kata kadi ya manila ukubwa wa kiganja. Zaburi ya 119 ndiyo ndefu kuliko zote, mistari 176, na wengi tunaikimbia kwa urefu wake. Lakini imejengwa kwa mafungu 22 ya mistari minane minane, kufuata herufi za Kiebrania, na mwezi wa kazi una siku 22 hivi. Fungu moja kwa siku moja. Andika kwa mkono usiku, kabla ya kulala. Kuandika kwenyewe ni nusu ya kukariri. Njiani unaisoma kwa midomo, jioni unajaribu bila kuangalia. Kwenye fungu la tano utakutana na mstari wa 37: "Unigeuze macho yangu nisitazame visivyofaa, unihuishe katika njia yako." Ukariri huo kwanza. Tangu niujue sijapata sala fupi inayonifaa zaidi mkono unapoenda mfukoni wenyewe. Halafu kadi haivutii vibaka, unaweza kuishika dirishani bila hofu.

Siku ambazo gari limejaa hata kadi haiinuki, sali kwa vituo. Nilianza hivi bila mpango, sasa siwezi kuacha. Urafiki, namtaja mtu niliyekosana naye. Usalama, naiombea nchi amani. Jangwani, nawaombea waliohamishwa na mafuriko na wanaoishi mabondeni hadi leo. Fire, nawakumbuka zimamoto, na kwa kuwa Muhimbili haiko mbali na hapo, wagonjwa na wauguzi wa zamu ya usiku wanaotoka. Posta, kazi yangu na bosi wangu. Macho yako wazi, hakuna anayejua. Wa Mbagala na Gongo la Mboto nao wana vituo vyao, watengeneze orodha yao. Wa Kigamboni pantoni ikiondoka upande wao, Baba Yetu moja ya polepole inatosha kuvuka maji. Anayeendesha gari mwenyewe aweke simu kwenye droo ya dashibodi na azime redio hadi mataa ya tatu.

Neno moja kuhusu nyimbo za injili masikioni. Nazipenda. Lakini nilikuwa nimefika mahali siwezi kukaa dakika tano bila mahubiri au wimbo, na hata jambo jema likijaza kila nafasi linamzuia Mungu kusema. Eliya alimsikia kwa "sauti ndogo, ya utulivu". Basi safari ya kwenda iwe kimya, ya kurudi sikiliza unachopenda.

Saa sita mchana

Hapa ni pafupi. Unapokwenda kwa mama lishe, acha simu kwenye meza ya ofisi au iache mfukoni imezimwa sauti. Sali kabla ya kula, ule, uongee na aliyeketi jirani. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, na wengine tunaweza kujifunza kwao kusimama saa sita. Baadhi ya makanisa ya katikati ya mji hufanya ibada fupi ya mchana. Ukiwa karibu, nenda mara moja kwa wiki.

Hatua ya tano: ipange simu yenyewe

Fanya hili wiki ya tatu, ukiwa tayari umeshaweka wapangaji wapya. Keti nusu saa.

Zima arifa zote, kisha washa tatu tu: simu za kupigiwa, meseji za kawaida, na ile ya kazi. Toa programu zinazokuvuta kwenye ukurasa wa mbele, ziweke ndani kabisa, ili kuzifikia kuwe na kazi. Ile moja iliyoongoza kwenye vipimo vyako vya siku tatu, ifute kwa siku 40. Akaunti inabaki, unafuta programu tu. Ukiihitaji kwa biashara ingia kwa kivinjari, ambako inachosha kutumia. Makundi ya WhatsApp yanyamazishe yote isipokuwa ya familia ya karibu. Simu nyingi pia zinaweza kugeuzwa rangi kuwa nyeusi na nyeupe. Jaribu jioni, utashangaa zinavyopoteza mvuto.

Kipimo kizuri cha kuamua nini kibaki ni maneno ya Paulo kwa Wakorintho: vitu vyote ni halali kwangu, lakini sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Kubeti kwa simu, na zile picha ambazo mtu huzitazama mlango umefungwa, hazimo kwenye mpango huu wa kupunguza polepole. Hizo ziondoe leo, na umtafute mchungaji, padre au mzee wa kanisa unayemwamini umweleze kwa mdomo.

Makundi ya kanisa

Niliyaacha peke yake kwa sababu yananiuma. Tuna kundi la jumuiya, la kwaya, la akina mama, la kamati ya ujenzi. Asubuhi kila mmoja anatuma mstari wenye maua, na wengine "tuma kwa watu kumi upate muujiza". Nilikuwa natuma mstari saa kumi na moja na nusu kila siku, watu wananiandikia "Amina mtumishi", na mstari wenyewe sijautafakari hata dakika moja. Nilikuwa nawagawia wenzangu chakula nisichokionja.

Sasa nina sheria: sitamtumia mtu mstari ambao sijakaa nao asubuhi hiyo. Miezi imepita nimetuma michache sana. Na mtu akiandika "niombeeni", siandiki "tunakuombea" kisha nikapita. Nasali pale pale sentensi mbili, ndipo naandika. Kama ni jambo zito, nampigia. Kama wewe ni kiongozi wa kundi, pendekezeni lifungwe kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, matangazo ya msiba yapigwe kwa simu kama zamani. Kwetu lilipita bila ubishi. Watu walikuwa wamechoka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Hatua ya sita: jioni na nyumba

Watoto hawaigi tunachowaambia. Ukimkataza mtoto simu huku yako iko kiganjani, unamfundisha kungoja kukua.

Chagua dakika kumi na tano kati ya chakula na taarifa ya habari ya saa mbili. Simu zote kikapuni, za wageni pia kama wanakubali, na televisheni izimwe kabisa, kupunguza sauti hakutoshi. Mtoto mdogo ndiye achague wimbo. Mkubwa asome fungu fupi. Mithali ina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo, mistari mitano tu. Kisha kila mtu aseme jambo moja la shukrani na ombi moja, kwa sentensi. Usihubiri. Akina baba hasa, nawaomba, msigeuze dakika hizi kuwa kesi ya alama za shule. Mtoto akiogopa kikao hicho sasa, atakikimbia akiwa na miaka kumi na tano.

Umeme ukikatika, na utakatika, kila mtu hukimbilia mwanga wa simu yake. Weka taa ya kuchaji au mshumaa mahali panapojulikana, na giza hilo lifanyeni la nyimbo. Wanangu wanazijua nyimbo za kitabuni zaidi kwa sababu ya kukatika umeme kuliko kwa sababu ya Shule ya Jumapili.

Ukiishi peke yako, jioni ni ngumu zaidi, maana simu ndiyo watu wako. Usijitese. Piga simu moja ya sauti kwa mtu unayempenda, zungumza naye vizuri, kisha iende kikapuni, usali Zaburi moja kwa sauti kubwa. Sauti ya binadamu chumbani inasaidia, hata ikiwa ni yako.

Jumapili

Anza na nusu siku: tangu unapotoka nyumbani hadi baada ya chakula cha mchana. Kama unatoa sadaka kwa simu, itoe Jumamosi usiku au beba noti. Nenda na Biblia na kitabu cha nyimbo mkononi. Ibada ikiisha usikimbilie kurekodi kwaya. Baki uwanjani, salimia watu watatu usiowajua vizuri, uliza habari za mgonjwa. Wanaokutafuta waambie mapema kwamba Jumapili unapatikana kuanzia saa tisa. Waambie hao tu. Yesu alisema tunapofunga tupake mafuta kichwani na kunawa uso ili watu wasijue, kwa hiyo kuweka kwenye stetasi kwamba "nafunga simu, tuonane Jumatatu" kunaharibu kitu. Nusu siku ikizoeleka, ongeza mpaka jioni.

Wiki ya tatu na utakapoanguka

Wiki ya kwanza ina utamu. Ya pili ina kiburi. Ya tatu ni kavu: unaamka, unaketi, unasoma, na huhisi kitu. Simu ilikuzoeza kupewa jambo jipya kila sekunde, na sala haitoi hivyo. Wengi huacha hapa wakidhani Mungu amenyamaza. Usiache. Punguza maneno, soma Zaburi kwa sauti, na ukae mpaka dakika zako ziishe hata kama umekaa tu. Kwangu ukavu huo ulichukua siku kumi na moja, niliziandika. Ya kumi na mbili haikuwa na ajabu yoyote, ila nilipofika Urafiki nilijikuta namwombea yule niliyekosana naye bila kujilazimisha, na jioni nikampigia.

Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, wa jumuiya au mtaa wenu, mwonane uso kwa uso kila wiki hata dakika kumi nje ya kanisa. Maswali yawe matatu: Umesali alfajiri ngapi? Simu ililala wapi? Umesoma nini kilichokushika? Jibuni kwa ukweli, muombeane, muachane. Mwenzangu ni mama muuza samaki wa Feri anayeamka kabla yangu, kitochi chake hakijawahi kuwa na intaneti, na mara nyingi mimi ndiye ninayekuwa na la kuungama.

Ukianguka usiku mmoja, ukajikuta saa saba uko kitandani unaperuzi, inuka saa ile ile upeleke simu kikapuni. Usisubiri Jumatatu wala mwezi mpya. Na ukichelewa kuamka, saa imekuacha, maji ya kuoga ni ya baridi na huna hata dakika tano, sema Baba Yetu ukifunga kamba za viatu, na kadi yako ya manila usiisahau mezani.